Safu ya Mwisho

Daktari kaniachia majalada arobaini na moja,
kalamu mbili, na jedwali lenye safu tisa.
Jaza tu, Mbeleje. Usisome sana.

Lakini masjala haina dirisha la maana,
na mwezi wa tisa upepo wa Dodoma hauna adabu:
unapita chini ya mlango na vumbi lake,
unafunua kurasa kabla sijazifikia.
Basi nasoma.

Foibe. Miaka thelathini na minne. Chipanga.
Ananyonyesha mtoto wa tano.
Ziwa la kushoto limewaka, limejaa, lina joto.
Zahanati waliandika: jipu.
Vidonge vya siku saba, tena saba, tena saba.
Mama mkwe akakanda kwa maji ya moto na chumvi.
Hakuna donge. Imeandikwa mara tatu,
na mara ya tatu kalamu imekandamizwa
hadi karatasi ya nyuma:
hakuna donge.

Sisi tuliofundishwa kupapasa,
kama mtu apapasavyo mchele akitafuta jiwe,
tulifundishwa nusu.
Saratani hii haiji kama jiwe.
Inakuja kama moto kwenye mabua ya uwele:
jioni ni moshi kidogo pembeni mwa shamba,
asubuhi unauliza shamba lilikuwa wapi.

Daktari wa zamu kaandika: ngozi kama ganda la chungwa.
Chini yake, kwa wino mwingine,
muuguzi fulani kanukuu maneno ya mwenyewe:
"Imekuwa kama kuku aliyenyonyolewa."
Nimeyapenda maneno hayo. Hayana safu.

Safu ya sita: tangu dalili hadi kufika.
Miezi mitano. Miezi minane.
Yule wa Kondoa, kumi na mmoja;
alisubiri mtama uvunwe,
akasubiri mume auze ndama mnadani,
kisha akasubiri aibu imalizike,
na aibu haikuwa na haraka.
Sechelela, mpanda zabibu wa Hombolo,
alikuja siku ya tisa. Siku ya tisa!
Nikaandika kwa mwandiko mzuri.
Mwandiko ukaharibika nilipofika safu ya nane.

Hatua ya tatu. Hatua ya nne. Ya tatu.
Nikadhani majalada ya hatua ya kwanza yamepotea,
nikapekua kabati hadi chini, palipo na kinyesi cha panya.
Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.
"Huu hauna hatua ya kwanza, Mbeleje.
Unapandia gari katikati ya safari."

Siku hizi usiku sipapasi tu.
Nawasha taa, nasimama mbele ya kioo,
natazama rangi.

Safu ya mwisho inapokea maneno matatu:
Hai. Amefariki. Haijulikani.
Haijulikani ndiyo nyingi kuliko zote,
kwa hiyo Alhamisi nimekaa na simu ya ofisi.
Namba unayopiga haipatikani.
Namba unayopiga.
Mwanamume wa Mpwapwa: "Nani? Ahaa.
Huyo tulimzika kifuku, mvua inanyesha kaburini.
Mlikuwa mnamdai?"

Namba ya Foibe ikapokelewa na mtoto.
Nyuma yake mbuzi, na redio.
Mama yuko wapi?
"Kaenda korongoni kufukua maji."
Moyo ukanipanda hadi kooni.
Mama yupi, mwanangu? Mama Foibe?
Kimya. Mbuzi.
"Mama," akasema, kama mtu anayemwelewesha mjinga,
na salio likakata.

Daktari anataka jedwali kesho saa mbili.
Kisanduku kimoja kiko wazi.
Nimeshika penseli badala ya kalamu,
na sijaandika.
Ananyonyesha, walisema; yule wa tano
sasa atakuwa na umri wa kupokea simu.
Mtoto wa umri huo huwaita mama
wote wampao uji.
Nitanunua vocha asubuhi, kwa pesa yangu.